Mfuko Uliotoka Jasho

Karakana nzima ilimwita Mama Bado, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mtunza tanuri mahali palipotengenezwa vipande vya ndege, na miaka hiyo yote neno lake kubwa lilikuwa hilo moja. Mtu akitaka kufungua mlango wa tanuri, au kuongeza mgandamizo, au kukata mfuko uliotoka kwenye friza, alimtazama yeye kwanza. Akisema "bado", mkono ulirudi nyuma hata kama ni mkono wa meneja. Akinyamaza, kazi iliendelea. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "haya" wala "tayari". Kunyamaza kwake kulitosha, na kila mtu alilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza kazini.

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Vipande walivyotengeneza vilikaa ubavuni mwa injini, mahali ambapo gundi ya kawaida ingelainika kama mshumaa. Kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni kilifika kikiwa kimeshanyweshwa gundi maalumu, kikapangwa tabaka juu ya tabaka, kikafungiwa, hewa yote ikafyonzwa, kikaingizwa tanurini kupikwa kwa digrii mia tatu na zaidi huku kikigandamizwa. Gundi ile ya zamani ilikuwa na visirani. Ikianza kupata moto ilitoa mvuke. Ukiigandamiza mapema, mvuke ulinaswa ndani na kipande kikaota malengelenge. Ukichelewa, gundi ilishakaza na tabaka hazikushikana. Kati ya mapema na kuchelewa kulikuwa na dakika nne tu. Mama Bado alizijua dakika hizo kwa kijiti cha kioo: alikichovya kwenye tone la gundi lililokuwa likipata moto juu ya bamba pembeni, akavuta uzi, akaangalia unavyokatika. Ukikatika hivi, bado. Ukikatika vile, alinyamaza, na fundi akafungua mgandamizo.

Basi akaja mdogo wake.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao, wamepishana miaka kumi na mmoja. Huyu mdogo nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Mama Bado ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na Kitinda alipohitimu masomo yake ya kemia, yale marefu yasiyokwisha, ni Mama Bado huyohuyo aliyekwenda kwa meneja kumwombea nafasi. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, tena kavaa nguo nzuri. Baadaye alikuwa akiikumbuka ile nguo na kuona hasira.

Kazini hawakumwita Kitinda. Walimwita Daktari.

"Daktari gani asiyejua hata kufunga bandeji?" Mama Bado alimwambia fundi wa kukata, mzee mmoja mwenye mdomo mwepesi aliyekaa na makasi yake chumba cha pili.

"Wa gundi," akajibu fundi. "Na wewe ni dada wa daktari. Kaa ukijua, siku hizi ndicho cheo chako."

Fundi alicheka. Mama Bado naye alicheka, ila kwa meno tu.

Miaka mitatu Kitinda alijifungia kwenye chumba chenye mlango wa kioo, akipima na kuchanganya, mpaka akatoka na gundi yake mwenyewe. Ilikuwa na rangi ya asali iliyokolea, na ilivumilia joto kuliko ile ya zamani. Zaidi ya hayo, haikutoa mvuke, au ilitoa kidogo mno usioweza kuleta madhara. Dakika nne zikawa dakika arobaini. Waya mwembamba uliolazwa ndani ya kitambaa uliiambia kompyuta wakati wa kugandamiza, na kompyuta ikagandamiza yenyewe. Kijiti cha kioo hakikuwa na kazi.

"Dada, sasa utapumzika," Kitinda alisema siku alipomwonyesha, uso ukimeremeta.

"Nani kakuambia nimechoka?"

"Basi tu. Umesimama mbele ya hilo tanuri tangu sijamaliza sekondari."

Kitinda alilisema kwa mapenzi, na Mama Bado alijua limesemwa kwa mapenzi, na bado liliingia likachoma. Kwa nini niupambe ukweli? Alikuwa na kijiba cha roho. Alimwonea wivu mdogo wake kwa lile koti jeupe lisilo na doa, kwa meneja kumvutia kiti, kwa ile namna ya kusema "kwa makadirio yangu" na watu wazima wakaandika. Hata kicheko cha Kitinda, ambacho zamani kilimfanya aache sufuria jikoni akimbie kuona kuna nini, sasa kilimkera. Na kilichomkera zaidi ni kwamba Kitinda hakuwa amemkosea kitu. Angemkosea ingekuwa nafuu.

Halafu kulikuwa na ukuta wa mama yao. Sebuleni, juu ya kochi, palikuwa na msumari mmoja mzuri. Hapo kwa miaka ilitundikwa hati ya Mama Bado ya utumishi wa miaka kumi na miwili bila kipande kilichoharibika. Jumapili moja alikuta picha ya Kitinda kavaa joho. Hati ilikuwa nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa haionekani.

"Nimeihamisha tu, mwanangu," mama alisema. "Picha ni kubwa, hati ni ndogo. Pale nyuma inaenea vizuri."

"Sawa, Mama."

Alisema sawa, akanywa chai yake, akajikaza kisabuni hadi alipofika kwake. Hapo ndipo alipolia, akajiona mjinga, mtu wa miaka arobaini na saba kulilia msumari.

Mambo yangeishia kwenye machozi hayo lau si cheo. Mkuu wa karakana alikuwa anastaafu, na watu wote walikuwa wameshamvika Mama Bado ukuu huo kichwani mwao. Yeye mwenyewe alishaamua kiti cha ofisini atakigeuza kielekee dirisha lipi. Kisha maneno yakaanza kuzagaa kwamba wanunuzi, watu wa kiwanda cha ndege, wangekuja kujaribu gundi mpya. Ikifaulu, karakana ingepata kazi ya miaka mingi, na mkuu angekuwa Daktari. Isipofaulu, gundi ingetupwa na miaka mitatu ya Kitinda nayo.

Gundi yenyewe ilikuwepo ya kutosha mabunda mawili tu ya kitambaa. Moja lilitosha bamba moja la majaribio.

Sasa, bunda likitoka kwenye friza haliguswi. Huwa limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mzito, na linaachwa mezani humohumo mfukoni mpaka baridi iishe yote. Mfuko huanza kutoka jasho, kama chupa ya maji iliyotolewa kwenye jokofu. Jasho likiwa nje halina neno. Lakini ukiukata mfuko kabla baridi haijaisha, hewa ya chumbani inaingia, na jasho linatua juu ya kitambaa chenyewe. Hulioni wala hulihisi. Linajificha kati ya tabaka, linasubiri joto kali, na joto likija linageuka mvuke na kupasua njia. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa maelekezo hapakuandikwa saa. Paliandikwa: mfuko usikatwe mpaka ukauke. Na aliyejua umekauka ni Mama Bado, aliyepitisha kiganja chake kitupu chini ya mkunjo wa mwisho, kule ambako baridi hujificha.

Asubuhi hiyo bunda la kwanza lilikuwa mezani tangu alfajiri. Wageni walitarajiwa kesho yake, bamba lilitakiwa liingie tanurini kabla ya mchana. Kitinda aliingia kwa haraka, kavaa glovu mbili mbili kama ilivyopaswa kwa mtu atakayepanga kitambaa, maana hata mafuta ya kidole yaliweza kuharibu kazi. Akaupapasa mfuko kwa juu. Kwa glovu zile angepapasa barafu asijue.

Mama Bado alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, chini ya taa. Alipitisha kiganja chini ya mkunjo, kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna. Kiganja kilirudi na unyevu.

Kitinda alishika makasi, akayaweka kwenye ukingo wa mfuko. Kisha akanyanyua macho akamtazama dada yake.

Hayo macho Mama Bado aliyajua tangu mwenye nayo ana miaka minne. Jikoni kwao Kitinda alikuwa akishika kifuniko cha sufuria na kumtazama mdomoni hivyohivyo, akisubiri. Bado, Kitinda. Bado. Halafu kimya, na kifuniko kinafunuliwa, na mtoto anarukaruka kwa mvuke.

Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lilikuwa neno la siku zote, halikuhitaji nguvu yoyote. Lakini kabla halijatoka alimwona Kitinda kwenye kile kiti cha ofisini, akakiona kiti kimegeukia dirisha. Akasikia moyoni mwake sauti ndogo yenye kinyongo: mwenye makadirio si yeye? Na akadirie.

Akajitia hamnazo. Akafuta kiganja kwenye aproni.

Makasi yalikata.

Usidhani alifurahi. Siku nzima alijipa moyo kwa visingizio. Labda unyevu ule ulikuwa wa kiganja chake mwenyewe. Labda gundi yenyewe ilikuwa bora kiasi kwamba jasho dogo halitaidhuru, si ndivyo walivyoisifu? Bamba lilipotoka tanurini jioni lilikuwa jeusi, linang'aa, halina hata kovu, na Mama Bado alishusha pumzi. Kitinda alimkumbatia mbele ya watu, harufu ya gundi imejaa nywelani.

"Dada, tumeweza."

Alisema "tumeweza". Mama Bado alimpigapiga mgongoni kama mtu anayepigapiga mzigo wa wenyewe.

Kesho yake wageni walikuja, wakiongozwa na mkaguzi mmoja mwanamke, mrefu, asiyependa maneno. Walilitia bamba kwenye joto la digrii mia tatu na arobaini, wakaliacha humo saa tatu. Lilipotoka na kupoa, hapakuwa na haja ya kuuliza. Malengelenge matano yalikuwa yamevimba upande mmoja. Mkaguzi alitoa sarafu mfukoni, akaligongagonga bamba kuanzia pembeni, ndivyo wanavyofanya. Pazuri pakajibu ti, ti, ti. Akafika katikati, pakajibu tu. Akarudia. Tu. Tu. Palikuwa pamekufa.

Walikaa chumba cha mikutano, watu sita kuizunguka meza, bamba katikati.

"Gundi haivumilii," mkaguzi alisema. "Inatoa mvuke joto likizidi. Pole sana, Daktari. Sisi tutaendelea na ile ya watu wengine."

Meneja hakutaka kukubali haraka. "Hakuna kitu kingine? Unyevu? Mfuko haukukatwa mapema?"

Mama Bado alikuwa amekaa karibu na mlango. Alijua jibu litakavyokuwa: Kitinda angesema labda, angesema sikuhakikisha, angejitetea kama mtu yeyote mwenye akili. Na mkaguzi angeelewa, na bunda la pili lingejaribiwa, na yeye asingelazimika kusema kitu. Alilisubiri hilo jibu kwa hamu kuliko mtu yeyote mle ndani.

Kitinda alitikisa kichwa. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Haiwezekani. Dada alikuwa pale mezani, mbele yangu. Nilimtazama kabla sijakata. Ungekuwa haujakauka angesema bado." Akavuta pumzi. "Hapana, meneja. Kosa ni la gundi yangu. Nitaandika hivyo kwenye ripoti."

Akaanza kukusanya karatasi zake, zile za miaka mitatu, akizilinganisha kingo kwa kingo kana kwamba ni za mtu mwingine.

Mama Bado alihisi uso ukimwaka. Miezi yote hiyo alikuwa akijiambia kwamba mdogo wake hamhitaji tena, kwamba amemweka nyuma ya mlango pamoja na hati yake. Na kumbe kazi yake yote, koti jeupe na makadirio na waya mwembamba, Kitinda alikuwa ameviegemeza kwenye neno la dada yake, kama zamani alivyolisubiri jikoni, mkono wake mdogo ukiwa juu ya kifuniko. Sasa alikuwa tayari kuiua gundi yake kuliko kumtilia shaka dada.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa bingwa. Na cheo kilikuwa hapo mezani, hakina tena mshindani.

"Ulikuwa na jasho," alisema.

Watu waligeuka.

"Mfuko. Chini ya mkunjo wa mwisho. Nilipitisha mkono, ukarudi umelowa. Nikaona anataka kukata, nikanyamaza."

"Ulisahau?" Meneja alimuuliza, karibu kumsaidia.

Hapo palikuwa na mlango ulio wazi, na alioneshwa kabisa. Hakuuingia.

"Sikusahau. Nilimwonea wivu."

Fundi wa kukata, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alitazama viatu vyake. Mkaguzi aliirudisha sarafu mfukoni, akamwambia meneja, "Lipo bunda lingine?"

"Lipo."

"Basi tutarudi baada ya wiki mbili."

Kitinda alimtazama dada yake mara moja tu, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeingia nyumbani kwao akakuta vyombo vimehamishwa. Kisha akatoka.

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu. Meneja alimnyang'anya Mama Bado funguo za tanuri, akampeleka chumba cha kukata, kufagia vipande na kuzoa nyuzi, mpaka wakubwa waamue. Watu hawakumwita tena Mama Bado. Hawakumwita kitu. Fundi wa kukata peke yake alimletea kikombe cha chai siku ya tatu, akakiweka, akasema, "Ulifanya ujinga. Halafu ukafanya la maana. Mimi sijui nikupongeze au nikuzomee, kunywa tu chai." Kitinda alipita mlangoni kila siku. Alisema "shikamoo, Dada" kwa adabu zote, na adabu ile ilimkata Mama Bado kuliko ambavyo tusi lingemkata. Wivu aliutafuta ndani yake asiuone. Palibaki uchungu mtupu.

Siku ikafika. Bunda la pili lilitolewa kwenye friza alfajiri, likawekwa kwenye meza ileile, ndani ya chumba kilekile alichokuwa akifagia. Kwenye ukuta palikuwa na maelekezo mapya, yamechapwa kwa herufi kubwa: mfuko ukae mezani kwa muda wa saa sita kamili. Hakuna aliyemwambia Mama Bado aondoke, wala aliyemwambia akae. Alisimama pembeni na ufagio wake. Ilipofika saa ya nne aliomba ruhusa kwa meneja kwa macho, akanawa mikono akaikausha, akapitisha kiganja chini ya mkunjo. Bado. Hakulisema, maana hakuna aliyeshika makasi. Saa ya tano akapitisha tena. Saa ya sita ilipotimu akapitisha tena, na kiganja kilirudi kikavu na cha vuguvugu.

Kitinda aliingia na glovu zake mbili mbili. Akatazama saa ya ukutani. Akashika makasi, akayaweka kwenye ukingo wa mfuko.

Na hakukata.

Meneja alikuwa mlangoni, mkaguzi nyuma yake. Mama Bado alinyamaza kama alivyonyamaza kwa miaka kumi na saba, kwa sababu mfuko ulikuwa umekauka na palipokauka yeye hakuwa na la kusema. Alisubiri makasi yakate. Makasi hayakukata. Mgongo wa Kitinda ulikuwa umekakamaa, kichwa kimeinama, hakunyanyua macho. Sekunde zilipita, nyingi mno, ndipo Mama Bado alipoelewa kinachosubiriwa, na kwamba kunyamaza kwake hakukuwa tena na thamani yoyote ndani ya chumba kile.

"Kata," alisema. Sauti ilimtoka ngeni, hakuwa ameizoea kwa neno hilo. "Umekauka, mdogo wangu. Kata."

Kitinda aliweka makasi chini. Akavua glovu ya juu, akavua na ya ndani. Akaingiza kiganja chake kitupu chini ya mkunjo wa mwisho, kule ambako baridi hujificha, akakiacha hapo kwa muda. Akakitoa, akakigeuza chini ya taa, akakitazama.

Kisha akavaa glovu mpya, moja juu ya nyingine, akakata.